Imenukuliwa Mara Ngapi, na kwa Lipi?

Mhadhiri mwandamizi anapoomba uprofesa mshiriki, wanakamati wengi hutazama namba tatu kabla ya kufungua hata ukurasa mmoja wa kazi yake: ameandika makala ngapi, zimenukuliwa mara ngapi, na fahirisi yake ya h ni ipi. Mtu wa sayansi ya maada, yaani anayechunguza vyuma, kauri, plastiki na viambato vya betri, kwa kawaida huwa na namba nono kuliko mwenzake wa hisabati. Si kwamba ana akili zaidi. Uwanja wake una watafiti wengi, na makala zao hubeba orodha ndefu za marejeo.

Fahirisi ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme ziko sita, na zimenukuliwa mara 90, 40, 12, 7, 5 na 2. Ya tano imenukuliwa mara 5, lakini ya sita haikufika 6. Basi h ni 5. Sasa ile ya kwanza na iruke kutoka 90 hadi 9,000. Fahirisi inabaki 5 vilevile. Hapo ndipo ninapokosana nayo: humpa sifa anayechapisha mfululizo, na aliyeleta jambo moja kubwa hupita bila kuonekana.

John Goodenough, Mmarekani aliyefariki mwaka 2023 akiwa na miaka 100, alikuwa na wingi wa makala na hilo jambo kubwa pia. Mwaka 1980, akiwa Oxford, yeye na wenzake Mizushima, Jones na Wiseman walichapisha kurasa saba katika jarida la Materials Research Bulletin kuhusu oksidi ya kobalti na lithiamu. Oksidi hiyo imejipanga kwa matabaka, na lithiamu hukaa katikati yake. Walionyesha kwamba lithiamu inaweza kutolewa humo na kurudishwa bila jengo kuporomoka, na kwamba betri itatoa takriban volti 4. Betri aliyoitengeneza kabla yao mkemia Stanley Whittingham kwa salfidi ya titani ilikuwa inazidi volti 2 kidogo tu.

Chuo cha Oxford hakikutaka kusajili hataza ya oksidi hiyo ya kobalti. Sony ndiyo iliyopeleka betri ya ioni za lithiamu sokoni, mwaka 1991, na Tuzo ya Nobeli ikamfikia Goodenough mwaka 2019, akiwa na miaka 97. Sijui kamati ya kupandisha vyeo inayoweza kumsubiri mtu miaka 39.

Kunukuliwa nako kuna sababu nyingi. Mwaka 1996 Perdew, Burke na Ernzerhof walichapisha makala fupi yenye kanuni ya kukadiria nishati ya elektroni ndani ya maada. Imenukuliwa zaidi ya mara laki moja, kwa kuwa kila anayeitumia kanuni hiyo kwenye kompyuta yake anapaswa kuitaja, kama fundi anavyotaja spana aliyofungulia nati. Ni kazi nzuri mno, ila namba yake haisemi kwamba watu laki moja wameisoma.

Tena mtu hunukuliwa hata akiwa anadanganya. Jan Hendrik Schön wa Bell Labs, Marekani, alikuwa akimwaga makala kuhusu transista za molekuli, na maabara nyingi zikazinukuu huku zikihangaika kurudia majaribio yasiyorudika. Mwaka 2002 wachunguzi walikuta mchoro uleule umewekwa kama matokeo ya vifaa tofauti. Science na Nature zikafuta makala zake kadhaa.

Kwa hiyo mimi hupenda kufungua zile makala zinazonukuu, nione zinasema nini. Chukua makala ya Goodenough na wenzake ya mwaka 1997 kuhusu fosfati ya chuma na lithiamu. Waandishi wenyewe waliipendekeza kwa betri za nguvu ndogo, maana lithiamu ilipita ndani yake kwa shida. Waliokuja baadaye ndio walioipaka kaboni na kusaga chembe zake ziwe ndogo zaidi, na kila mmoja alianza kwa kuinukuu. Namba kubwa ya makala ile, kwa sehemu, ni jasho la watu wengine.

Leo fosfati hiyo inaendesha mabasi na magari ya umeme, na haina kobalti hata chembe. Kongo ndiyo inayochimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, nyingi ikitoka upande wa Kolwezi. Kila kiwanda cha betri kinachohamia kwenye fosfati ni mteja aliyepungua kwa wachimbaji wa huko, na hakuna kanzidata ya manukuu inayoihesabu athari ya namna hiyo.