Mteja wa siri: kazi ya kudanganya kisha kusema kweli

Anaingia ndani ya farmasi kama mteja yeyote. Anasema mtoto wake anahara tangu jana, anauliza dawa inayofaa, analipa, anatoka. Muuzaji hajui kwamba mtoto huyo hayuko, wala kwamba kila neno alilosema litaandikwa baada ya dakika chache.

Huyo ndiye mteja wa siri, anayeitwa kwa Kifaransa client mystère. Makampuni ya simu, benki, hoteli na hata watafiti wa afya humtuma ili wajue namna watu wanavyohudumiwa wakati mkubwa wa kazi hayuko. Jina hilo lilianzia Marekani katika miaka ya 1940, na kazi ya kwanza ilikuwa hasa kuchunguza kama wauzaji hawaibi. Kwa mbali ni kazi tamu: kulipwa ili ununue vitu. Kwa karibu ni mambo mengine.

Kwanza ni kichwa. Mteja wa siri hawezi kushika kalamu mbele ya muuzaji, lakini anapaswa kukumbuka saa aliyoingia, dakika alizongoja, bei aliyotajiwa, maneno aliyoulizwa. Akitoka husimama pembeni ya njia, simu mkononi, kama mtu anayejibu ujumbe. Akikawia, farmasi ya tatu inachanganyika na ya tano.

Kwenye vituo vya afya mzigo unaongezeka. Huko Nairobi, utafiti uliotangazwa mwaka wa 2017 ulitumia watu 14 waliofundishwa kuigiza wagonjwa wa pumu, maumivu ya moyo, kifua kikuu, na mzazi wa mtoto anayehara. Walionana na watoa huduma mara 166 katika vituo 42. Ni karibu nusu tu ya mara hizo ambapo mgonjwa alihudumiwa inavyotakiwa, jambo ambalo rejista za kituo peke yake zisingelionyesha.

Lakini anayeigiza anatumia mwili wake mwenyewe. Muuguzi akichukua sindano, lazima apate sababu ya kuikataa bila kujifunua. Dawa anazopewa anaziweka mfukoni, hazimezi. Na kabla ya kufika kwa daktari anakaa kwenye benchi katikati ya watu wanaokohoa kweli, akichukua zamu ambayo mama mwenye mtoto mwenye homa angeihitaji. Hapo ndipo kazi hii inauma.

Mtu akiifanya Bukavu au Goma, atakuta shida nyingine. Katika kartiye watu wanajuana; muuzaji wa farmasi anaweza kuwa amesoma na dada yake. Na katika eneo linaloishi na vita, mgeni anayeuliza maswali mengi huonekana haraka kuwa mpelelezi. Barua ya kazi inaweza kumwokoa, lakini siku anapoitoa mfukoni, siri imekwisha.

Halafu kuna yule anayeandikwa. Msichana wa kwenye kaunta aliyejibu vibaya siku moja, labda kwa sababu ya njaa au mshahara uliochelewa, anaweza kupoteza kazi kwa ripoti ya mtu asiyemjua. Kampuni yenye haki haihukumu kwa ziara moja. Inatuma watu tofauti, siku tofauti.

Malipo nayo ni madogo, na mara nyingi ni kwa kila ziara. Mteja wa siri hutanguliza feza zake kununua kitu, kisha anarudishiwa akionyesha risiti. Kwetu, butike ngapi zinatoa risiti? Na fomu ikikosa jibu moja, ziara yote inaweza kukataliwa.

Matapeli pia wameigundua kazi hii. Nchini Marekani, shirika la serikali linalolinda wateja, Federal Trade Commission, limeonya juu ya watu wanaotumiwa cheki, wakaambiwa waiweke benki, wanunue kadi za zawadi na kutuma namba zake, eti ndiyo ziara yao ya kwanza. Baadaye benki inagundua cheki ni ya uongo, na deni linabaki kwa aliyeiweka. Huku kwetu cheki hazitumiwi sana. Anayeombwa dola 10 kwa simu ili afunguliwe dosie ya kazi yuko kwenye mtego ule ule.