Pampu ya Mtambo wa Kupasha Maji kwa Jua: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Mkulima wa ng'ombe wa maziwa anajua ya kwamba kazi haiishi ng'ombe akisha kukamuliwa. Kiwele chataka kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu, na mikebe yataka maji ya moto, maana mafuta ya maziwa hayatoki kwa maji baridi. Mkebe ukibaki na utando wa jana, maziwa ya leo huharibika njiani, na kwenye kituo cha kupokelea hukataliwa. Hiyo ni hasara ya siku nzima.

Katika nyanda za juu kama Kinangop, ambako mashamba yaligawanywa katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, maji ya asubuhi ni baridi sana na kuni ni ghali. Kwa sababu hii wakulima wengine hujitengenezea mtambo wa kupasha maji kwa jua. Mtambo wenyewe si mgumu: ni sanduku la mbao lenye bati na mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi nyeusi, juu yake kioo, na tangi lililofunikwa vizuri lisipoteze joto usiku. Jambo linalowasumbua watu ni pampu. Wengi hununua kwanza, kisha huja kupima. Yafaa kufanya kinyume.

Je, pampu yahitajiwa?

Jiulize hivyo kabla ya kutoa fedha. Maji ya moto ni mepesi kuliko maji baridi, nayo hupanda yenyewe. Ukiweza kuweka sanduku chini, na tangi juu yake, chini ya tangi ikiwa juu ya kichwa cha sanduku kwa sentimita 30 au zaidi, maji yatazunguka bila pampu yo yote. Mabomba yawe mapana, nayo yapande moja kwa moja bila kushuka mahali po pote.

Lakini kama sanduku liko juu ya paa na tangi liko chini ndani ya banda la maziwa, maji ya moto hayatashuka yenyewe. Hapo ndipo pampu inapohitajiwa.

Kazi ya pampu ni ndogo

Watu wengi hufikiri ya kuwa pampu kubwa italeta maji ya moto zaidi. Sivyo. Joto hutoka kwa jua, na jua halizidi kwa sababu pampu imekuwa kubwa. Tuchukue mtambo wa lita 100 wenye sanduku la mita mbili za mraba. Siku ya jua zuri mtambo huo waweza kuongeza joto la maji kwa digrii 30 hivi. Sanduku kama hilo latosheka na lita 3 za maji kwa dakika. Kuinua lita 3 kwa dakika hadi kimo cha mita tatu na nusu hakuhitaji hata wati 2 za nguvu. Pampu ndogo hupoteza nguvu nyingi, kwa hivyo chukua ya wati 20 hadi 30. Mwenye kununua pampu ya nusu ya nguvu ya farasi, yaani wati 370 hivi, amelipia nguvu asizozitumia.

Wala usishangae ukishika bomba la kurudi na kukuta maji yamezidi joto kwa digrii tano tu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Maji ya tangi zima hupita katika sanduku kila baada ya nusu saa na zaidi kidogo, na kila mara huongezeka joto.

Pima kimo

Chukua kamba au mti wa kupimia. Pima kutoka uso wa maji ndani ya tangi mpaka kichwa cha sanduku juu ya paa. Tuseme umepata mita mbili na nusu. Ongeza mita moja kwa ajili ya msuguano wa maji katika mabomba na viungo. Jumla ni mita tatu na nusu.

Sasa angalia maandishi ya pampu, na hapa ndipo wengi hukosea. Pampu ikiandikwa mita 4 na lita 10 kwa dakika, usidhani ya kwamba itakupa lita 10 kwenye kimo cha mita 4. Mita 4 ni kimo ambacho maji husimama kabisa, pasitoke hata tone. Lita 10 ni maji yanayotoka pampu isipoinua cho chote. Namba hizo mbili hazipatikani pamoja. Basi kwa kazi ya mita tatu na nusu, tafuta pampu iliyoandikwa mita 6 au 7.

Usiamini maandishi peke yake. Mwombe mwenye duka akujaribie. Pampu iwekwe katika ndoo ya maji na kuunganishwa na betri ya volti 12, kisha mpira uinuliwe mpaka kimo ulichopima. Kinga maji kwa dakika moja kwa saa. Ukipata lita 3 au zaidi, pampu inafaa. Ukipata chini ya hapo, irudishe rafuni.

Joto, barafu na umeme

Kwanza, joto. Pampu nyingi za bei ndogo zimetengenezwa kwa maji baridi, na maji ya moto hulainisha plastiki yake na kuharibu mipira yake. Soma digrii zilizoandikwa. Tafuta inayovumilia digrii 80 au zaidi, na uiweke chini ya tangi ambako maji ni baridi zaidi. Mahali hapo pia itajaa maji wakati wote, isizunguke kavu.

Pili, barafu. Penye baridi kali, maji yakibaki katika sanduku usiku huganda na kupasua mabomba. Dawa yake ni kuyaacha maji yarudi yenyewe ndani ya tangi pampu inaposimama. Mabomba yote yainame kuelekea tangi, na mdomo wa bomba la kurudi uishie juu ya uso wa maji ili hewa iingie. Kwa kazi hii chagua pampu yenye kigurudumu kinachozunguka na kusukuma maji. Pampu kama zile za mashine za kunyunyizia dawa zina vali ndani, nazo hazirudishi maji. Puliza kwa mdomo pampu ikiwa kavu na imezimwa: hewa ikipita pande zote mbili, maji nayo yatarudi.

Tatu, umeme. Ni vizuri pampu ipate nguvu kutoka paneli yake ndogo ya sola, ya wati 40 hadi 60, bila betri. Jua likitoka pampu huanza, na likizama pampu husimama, hivyo haiwezi kuyapoza maji usiku. Lakini uliza kama pampu yaweza kuunganishwa moja kwa moja. Paneli iitwayo ya volti 12 huweza kufika volti 20 isipokuwa na mzigo, na pampu nyingine huungua. Ikiwa haiwezi, weka kidhibiti cha umeme katikati.

Mambo ya kukumbuka

Tangi lisizibwe kabisa; liwe na tundu la kutolea hewa na mvuke. Weka kichujio mbele ya pampu kuzuia mchanga. Watoto wasicheze karibu na mabomba, maana maji ya jua huunguza.

Fahamu pia ya kwamba maji ya jua peke yake hayaui vijidudu vyote. Maji ya kumalizia kusuuza mikebe yachemshwe motoni. Lakini maji yaliyokuwa digrii 15 yakifika jikoni yakiwa digrii 45, kuni zitakazotumika zitapungua sana, na asubuhi ya baridi mtu hatashawishika kuosha mikebe kwa maji baridi.

Basi mkulima, kabla ya kwenda dukani, andika mambo matatu katika karatasi: kimo cha kuinua maji, lita kwa dakika, na digrii za joto. Mwuzaji akikuonyesha pampu isiyotimiza hayo matatu, iache, hata kama bei yake ni nafuu.