Wavu Ukikatwa Baharini, Nani Atalipa?

Wasomaji wetu wa Ngomeni, Mambrui na Kipini hawahitaji kuelezwa uchungu wa jambo hili. Mtu anatega jarife jioni, akirudi alfajiri anakuta chelezo kimoja kinaelea peke yake na kipande cha kamba. Wavu haupo. Mara nyingi wavu wenyewe ulinunuliwa kwa mkopo, ama ni wa tajiri aliye nchi kavu, na deni linabaki pale pale. Tumeulizwa sana kama kuna njia ya kulipwa. Iko, lakini ni nyembamba, na inaanza kabla wavu haujakatwa.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Mito ya Tana na Sabaki humwaga matope na chakula katika maji ya Malindi na Ghuba ya Ungwana, ndiyo maana kamba wanazaana huko, na ndiyo maana meli za kukokota nyavu zinapapenda. Mvuvi mdogo naye riziki yake iko hapo hapo. Ugomvi ulizidi mpaka uvuvi wa meli hizo ukasimamishwa mwaka wa 2006. Ulirudi 2011 chini ya mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba uliotolewa 2010: meli zisivue chini ya maili 3 za baharini kutoka pwani (karibu kilomita 5 na nusu), zivue mchana tu, na zipumzike kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31.

Basi nani anajua meli ilikuwa wapi usiku ule? Meli kubwa ya uvuvi hufungwa kisanduku kinachotuma habari kwa setilaiti kila baada ya muda fulani: mahali ilipo, saa, mwendo wake na inakoelekea. Maafisa wa uvuvi walio nchi kavu huziona alama hizo kwenye ramani ya kompyuta. Mwendo ndio unaosema mengi. Meli inayokokota wavu huenda polepole, kama maili 2 hadi 4 za baharini kwa saa. Inayosafiri tu huenda kasi zaidi. Kwa hiyo nahodha akisema, "Tulikuwa tunapita," alama zenyewe zaweza kumkana. Kuna na chombo kingine cha kuzuia meli zisigongane, lakini hicho nahodha aweza kukizima, usikitegemee sana.

Hapo ndipo wavuvi wengi hupoteza kesi. Kompyuta inaweza kuonyesha meli ilipita wapi, lakini haijui wavu wako ulikuwa wapi. Ukifika ofisini na kusema "kule nje, mbele ya mwamba," afisa hana cha kulinganisha. Siku hizi simu nyingi zinaweza kutoa namba za mahali hata pasipo na mtandao. Ukitega, chukua namba hizo uandike na saa. Simu itie katika mfuko wa nailoni, maji ya chumvi hayana huruma. Asiye na simu ya namna hiyo atumie alama za wazee: mnara fulani umeingiana na mnazi fulani, kina ni pima kadhaa.

Chelezo nacho kiwe na bendera, na taa usiku, na namba ya chombo chako. Tuseme ukweli, ndugu zetu: wavu uliotegwa gizani bila alama yoyote, hata nahodha mwema ataupita. Tena si kila hasara ni ya meli. Kuna nyavu zilizokwama kwenye matumbawe, na nyingine zilizokatwa na nanga ya jirani.

Msiba ukishatokea, usitupe mabaki. Piga picha ncha za kamba zilizokatika, andika jina au namba ya meli kama uliiona, na majina ya waliokuwa nawe chomboni. Siku hiyo hiyo nenda kwa kamati ya BMU ya ufuo wako, iandike kitabuni, kisha afisa wa uvuvi na polisi, ukaombe namba ya taarifa. Beba risiti ya wavu. Usipandishe bei. Wavu wa elfu ishirini ukiitwa wa elfu themanini, mwenye meli atapata sababu ya kukataa yote, hata zile ishirini za haki.

Mara nyingi shauri huishia mezani: BMU, afisa, na wakala wa meli. Makubaliano yaandikwe, yawe na tarehe ya malipo na sahihi za pande zote. Yakishindikana, iko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo tangu sheria yake irekebishwe 2020 husikiliza madai hadi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili. Bado haijafika kila mji, uliza kwanza katika mahakama iliyo karibu.

Liko swali moja ambalo hata kamati nzuri hulisahau. Wavu ni wa tajiri, lakini mabaharia nao walikaa siku kadhaa bila kazi. Fidia ikitoka, ni ya nani? Tumeona watu walioshinda mbele ya meli wakagombana ufuoni juu ya pesa zile zile. Mgawo huo uandikwe siku chombo kinapokodishwa, pamoja na mgawo wa samaki.