Bidii Mbele ya Mzani: Wachimbaji wa Kolwezi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulifuata shaba ya jimbo la Lualaba, Kongo, kutoka kwenye tanuri za udongo za mababu hadi mikononi mwa kampuni ya Union Minière, iliyoundwa 1906, kisha Gécamines, 1967. Leo tumgeukie mchimbaji wa mkono. Hakuna anayehubiriwa bidii kuliko yeye, na wahubiri wenyewe wengi hawajawahi kushika patasi.

Bidii ya jasho anayo. Asiye nayo hashuki shimoni. Ile ya makini ndiyo ya kutazamwa, nayo hufanyika juu, kwenye kuchagua. Madini meusi yenye kobalti hutoka yamechanganyika na udongo na mawe matupu. Kikundi makini hupasua mabonge, hutenga jeusi na kijani cha malakiti, huosha, kisha huanika hadi yakauke kabisa. Kuosha huko mara nyingi ni kazi ya wanawake, wameinama majini mchana kutwa. Kila hatua hupandisha asilimia ya kobalti ndani ya kiroba. Wenye haraka huruka kuanika, na unyevu huwaponza: kifaa cha kupimia husoma asilimia ndogo.

Kiroba hufika depo ya wanunuzi, tuseme Musompo, kwenye barabara ya Lubumbashi. Mnunuzi huelekeza kifaa mfano wa bastola, wenyewe wanakiita Metorex, namba hutokea, na bei hufuata namba. Kifaa ni chake, mzani ni wake. Ripoti ya mashirika ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 iliandika malalamiko ya wachimbaji kwamba hawana njia ya kuhakiki vipimo hivyo. Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura. Sawa, lakini kudura haijawahi kumiliki depo.

Kiroba kilichochaguliwa siku nzima kikipata bei sawa na kilichokusanywa kwa pupa, nani atachagua kesho? Hapo ndipo watu huanza kusema vijana ni wavivu. Mimi naona wanajua hesabu.

Vivyo hivyo kwenye usalama. Kanuni ya Madini ya 2002 iliruhusu uchimbaji wa mkono ndani ya maeneo maalumu tu, nayo ni machache; wengi huchimba pasipo haki ya kukaa. Anayeweza kufukuzwa wakati wowote ataegemezea shimo magogo ya nini? Mtaa wa Kasulo, ambako watu walianza kuchimba ndani ya viwanja vyao mwaka 2014, sehemu yake ilizungushiwa ukuta 2017, wakazi wakahamishwa, na madini yakawa na mnunuzi mmoja, kampuni ya CDM. Mzani mmoja, tena ndani ya ukuta.

Marekebisho ya sheria ya 2018 yanamtaka mchimbaji awe ndani ya ushirika ulioidhinishwa. Basi ushirika uanzie hapa: ununue kifaa chake, upime kiroba kabla hakijaondoka, umpe mwenye mali karatasi yenye asilimia na kilo. Ushirika unaotoza ada na kumwacha mwanachama aende depo mikono mitupu, hiyo ada ni ya nini?

Juma lijalo tutaingia kiwanda cha Luilu. Huko shaba huwa bamba kwa nguvu ya umeme, na bamba la daraja la juu halipungui usafi wa asilimia 99.99. Tutaona nani hupima, na nani hulipa kipimo kikikosewa.