Kabla ya Kulipia Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mwongozo kwa Wakazi wa Mbeya na Iringa

Mlaji anayetuulizia upasuaji wa kupunguza uzito kutoka Mbeya au Iringa huanza na bei. Swali lake ni la haki, lakini sisi humrudishia jingine: siku ya kumi baada ya kupasuliwa, ukiwa nyumbani Uyole au Mafinga na homa imepanda, utampigia nani, na hospitali iliyo karibu nawe itajuaje ulichofanyiwa? Asiye na jibu bado hajawa tayari kulipa, hata kama fedha anazo.

Chanzo cha swali hilo ni umbali. Huduma hii haijaenea nchini. Wengi huifuata Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, hutoa huduma za kupunguza uzito, na zipo hospitali binafsi zinazozitangaza pia. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Kutoka Iringa ni karibu 500, na njiani kuna kona za Kitonga. Mpasuaji hukaa na mgonjwa wake siku chache tu. Majuma yanayofuata, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa, mgonjwa huyapitisha mbali naye.

Kwanza jua unachouziwa

Kwa jina moja la "kupunguza tumbo" huuzwa vitu vitatu tofauti. Puto si upasuaji: huingizwa kwa njia ya mdomo hadi kwenye mfuko wa chakula, likajazwa maji, na mtu akashiba mapema. Kichefuchefu na kutapika siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Puto halikai daima. Aina nyingi hutolewa baada ya miezi 6, nyingine baada ya 12. Kwa hiyo uliza kama bei uliyotajiwa ni ya kuliingiza tu au ni pamoja na kulitoa. Mtu aliyetumia akiba yote kuliweka, akakosa nauli na ada ya kulitoa, amebaki na kifaa tumboni kilichopita muda wake, na kifaa hicho kinaweza kupasuka na kuziba utumbo.

Njia ya pili ni kukata na kuondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, kinachobaki kikawa chembamba kama mkono wa shati. Kilichokatwa hakirudishwi. Ya tatu ni kutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, chakula kikapita njia ya mkato. Njia hizi mbili kwa kawaida hufanywa kupitia matundu madogo, jambo linalowadanganya wengi kudhani kwamba hata ndani kilichofanyika ni kidogo.

Si kila mnene anafaa kupasuliwa. Madaktari hugawanya uzito kwa kilo na urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 105 na urefu wa mita 1.6 hupata 41. Kwa miaka mingi kipimo kilichofuatwa kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoambatana na unene kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji hao vilishusha hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine. Anayekuahidi tarehe kwa simu, bila kukupima wala kuuliza maradhi yako, mwogope. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tangazo la "kilo 30 kwa miezi mitatu, uhakika" halipati kinga kwa kuwa limetolewa na mtu aliyevaa koti jeupe. Jina la daktari linaweza kuulizwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Matayarisho yafanyike nyumbani

Ushauri wetu ni kwamba sehemu kubwa ya matayarisho ifanyike hukuhuku, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au kituo unachokitumia siku zote. Sukari na shinikizo la damu hudhibitiwa kwa miezi, hazidhibitiwi kwa siku mbili za wodini. Uliza hospitali itakayokupasua ikupe orodha ya vipimo inavyovitaka, na iseme kama itakubali majibu ya huku. Bila kauli hiyo utalipia damu ileile mara mbili.

Mvuta sigara ataambiwa aache, kwa kawaida majuma sita au zaidi kabla, kwa sababu moshi huchelewesha kidonda kupona na huongeza hatari ya damu kuganda. Majuma mawili ya mwisho wengi huwekwa kwenye mlo wenye wanga na mafuta kidogo sana, ili ini lisinyae na mpasuaji apate nafasi ya kufanya kazi. Ugali na wali hupungua karibu kwisha. Usiulaghai mlo huu, maana ini kubwa laweza kusababisha upasuaji usitishwe ukiwa tayari mezani. Mwenye sindano au vidonge vya kisukari asianze mlo huo kabla daktari hajampunguzia dozi. Sukari inaweza kushuka ghafla.

Bei nayo iandikwe. Tunataka karatasi inayoeleza kama malipo yanajumuisha vipimo, daktari wa usingizi, siku za wodini, dawa za kwenda nazo na miadi ya kurudi. Na inayotaja nani analipa ikibidi urudishwe chumba cha upasuaji. Kama una bima, pata jibu la maandishi kutoka kwenye mfuko wako kabla ya safari. Ongeza malazi ya watu wawili, kwa sababu hatushauri mtu atoke wodini na kupanda basi siku hiyohiyo. Uliza utakaa mjini siku ngapi, na umweleze msindikizaji wako mapema.

Jambo dogo ambalo hukasirisha baadaye: ukiombwa picha za "kabla na baada", una haki ya kukataa na kuendelea kutibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya yako kuwa taarifa nyeti.

Majuma ya kwanza

Utaambiwa utembee siku ileile au kesho yake. Si ukatili. Damu hupenda kuganda miguuni mwa aliyelala, na donge likipanda hadi mapafuni linaua. Ndiyo sababu safari ya basi ya saa kumi na zaidi ni sehemu ya matibabu: basi linaposimama, shuka utembee, na kitini chezesha nyayo. Kama umeandikiwa sindano za kuzuia damu kuganda, ujue kabla ya kuondoka nani atakuchoma ukifika.

Chakula hurudi kwa ngazi, na ngazi hizo hutofautiana kidogo kati ya hospitali na hospitali. Kwa kawaida huanza maji na mchuzi uliochujwa, kisha maziwa, mtindi na uji mwepesi, kisha vilivyopondwa kama yai, samaki na maharage yaliyotolewa maganda. Chakula cha kawaida, kwa tonge dogo, hurudi baada ya majuma sita hadi manane. Protini ndiyo ya kutafutwa kwanza, angalau gramu 60 kwa siku; yai moja lina 6 hivi, bilauri ya maziwa 8. Ndizi za Tukuyu na viazi vya Njombe ni vitamu na hushuka vizuri, lakini vikijaza kifuko hicho kidogo, protini haina pa kuingia.

Maji ni mtihani zaidi ya chakula. Lita moja na nusu kwa siku, kwa mafunda madogo, na si pamoja na mlo. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huku humwondolea mtu kiu, naye hupungukiwa maji bila kujua. Maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai yanasaidia. Ulanzi na pombe nyinginezo viachwe: baada ya upasuaji huu kileo huingia kwenye damu upesi na kwa nguvu kuliko zamani. Dawa za maumivu za dukani, hasa diklofenaki na ibuprofeni, usizinunue bila kumuuliza daktari, kwani zinaweza kutoboa vidonda penye mshono.

Wageni watakuja na pole na hotpoti. Wapokee, chakula wale waliopo. Baadaye, kilo zitakapoondoka kwa kasi, wengine watanong'ona kwamba unaumwa ugonjwa fulani. Tunalitaja kwa kuwa tumeona watu wakijilazimisha kula ili kuzima minong'ono hiyo. Mwanamke naye ajue kwamba uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba huongezeka, ilhali hushauriwa asubiri miezi 12 hadi 18. Njia ya uzazi wa mpango ipangwe kabla ya upasuaji.

Usisubiri kesho ukiona mojawapo ya haya: moyo kwenda mbio, mapigo zaidi ya 120 kwa dakika ukiwa umetulia, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda begani, pumzi kukatika, mguu mmoja kuvimba, kutapika kusikokoma. Mshono unaovuja huanza hivyo, na mgonjwa huweza kuonekana mzima saa chache kabla ya kuzidiwa. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu. Usipande basi la Dar es Salaam. Mkononi uwe na muhtasari wa matibabu unaotaja aina ya upasuaji, tarehe, dawa na namba ya simu ya timu iliyokupasua. Uudai kabla hujaruhusiwa, na nakala yake umpelekee daktari wako wa Mbeya au Iringa hata kama huumwi.

Kisha vidonge. Vitamini, pamoja na B12, madini ya chuma na kalisi, hutumika maisha yote, na damu hupimwa kila mwaka. Pita kwenye duka la dawa la mtaani kwako, uulize kama huwa navyo na ni kiasi gani kwa mwezi, kabla hujakubali tarehe ya upasuaji.