Tembo Shambani, Mtoto Hana Usingizi

Katika vijiji vya magharibi ya Uganda vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, mahindi yakianza kukomaa watu huacha kulala. Jua likitua baba hupanda dunguni na tochi yake. Mama hubaki nyumbani na watoto wachanga, sikio lake likiwa nje. Watoto wakubwa hupewa madebe ya kupiga, wakaketi pembezoni mwa shamba mpaka alfajiri, kisha wakanawa uso na kwenda shuleni.

Habari hii niliijua kwa aibu. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko, palikuwa na mwanafunzi wa darasa la tano aliyesinzia kila siku katika somo la hesabu. Siku mbili nilimsimamisha ukutani. Siku ya tatu mwenzake akasema, "Mwalimu, huyu amelinda." Sikumwelewa, kwani kwetu kulinda shamba ni kuamia ndege mchana. Jioni ile baba yake alinichukua dunguni. Tembo sikumsikia akija, maana mnyama yule hutembea kimya kuliko paka. Nilichosikia ni mabua yakivunjika. Tulipiga madebe, tukawasha moto, tukapiga kelele hadi sauti zikatukauka. Kulipopambazuka nusu ya shamba ilikuwa imelala chini. Mzee akaniambia bila hasira, "Mwalimu, fimbo yako ungeileta huku."

Yafaa tuelewe kwa nini mambo yamekuwa hivi. Tembo mmoja mzima aweza kula kiasi cha kilo 150 za majani, magome na matunda kwa siku. Shamba la mahindi kwake ni chakula kitamu kilichokusanywa mahali pamoja, na aghalabu wanaothubutu kukiendea usiku ni madume. Hali kadhalika, idadi ya wanyama hao imebadilika. Katika miaka ya 1960 Uganda ilikuwa na tembo wapatao 30,000. Ujangili na vita viliwapunguza hata wakabaki kama 2,000 katika miaka ya 1980. Sasa wamepita 7,000. Wengi wetu tulisherehekea ongezeko hilo, nami nikiwamo. Lakini katika miaka ile ya uchache watu waliongezeka, wakalima hadi mpakani, na tembo waliporudi walikuta mihogo na ndizi.

Dawa ya kwanza iliyojaribiwa ni handaki. Hilo huchimbwa kwa upana na kina cha mita mbili hivi, na likiwa jipya huzuia kweli. Tatizo ni matunzo. Mvua hubomoa kingo, nao tembo husukuma udongo kwa miguu mpaka wakapata njia. Tena palipo na mto, kinamasi au barabara handaki hukatika, na tembo hupajua mahali hapo mapema kuliko sisi. Uzio wa umeme nao ni mzuri, ila mnyama huyu amekwisha kugundua kwamba pembe zake hazipitishi umeme, naye huzitumia kukatia waya. Ua lisilo na mtu wa kulikagua kila siku ni fedha iliyotupwa.

Jirani zetu wa Kenya wametupatia jambo jingine. Mwaka 2007 mtaalamu Lucy King na wenzake walionyesha kwamba tembo hukimbia wasikiapo sauti ya nyuki waliochokozwa. Baadaye, katika vijiji vya Sagalla karibu na hifadhi ya Tsavo Mashariki, wakulima walizungushia mashamba mizinga iliyotundikwa kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Matokeo ya miaka tisa yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika misimu ya mazao tembo wengi waliosogelea ua hizo waligeuka, na mkulima hupata asali ya kuuza. Lakini ukame wa mwaka 2017 uliwafukuza nyuki katika mizinga mingi, na mzinga mtupu haumtishi tembo kwa muda mrefu. Mama anayetaka kujaribu akumbuke pia kutofunga mbuzi karibu na mizinga hiyo.

Pilipili ni ya gharama ndogo zaidi. Pilipili kali iliyosagwa huchanganywa na kinyesi cha tembo kilichokauka, nacho kikichomwa upande unaotoka upepo, moshi wake humwasha mnyama puani. Wengine huipaka kwenye kamba pamoja na oili chafu ya magari, ingawa mvua ikinyesha lazima ipakwe upya. Pilipili yenyewe tembo hali, wala majani ya chai hayampendezi; kwa hiyo mwenye kipande cha ardhi mpakani hufanya vema kupanda mazao hayo huko, na mahindi yake karibu na nyumba.

Mimi hupima njia hizi zote kwa swali moja: usiku huu nani atalala? Mkulima huhesabu magunia aliyopoteza, wala hahesabu usiku wa mtoto. Dunguni si mahali pa mtoto kamwe, kwani tembo aliyeshtushwa gizani huua. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka utaratibu wa fidia kwa aliyejeruhiwa au kuharibiwa mali, jambo ambalo zamani halikuwapo Uganda. Basi uharibifu uripotiwe mara moja kwa viongozi wa kijiji na askari wa hifadhi, nyayo zikiwa bado mbichi.

Katika kijiji kile wazee walipatana mwishowe. Nyumba sita zililinda pamoja kwa zamu, watu wazima wawili wawili, na kila nyumba ikalala usiku mbili kati ya tatu. Mahindi yaliendelea kuliwa, ila machache. Yule kijana nilimkuta wiki ya mwisho ya mazoezi yangu amekaa mstari wa mbele, anabishana nami juu ya sehemu.