Majadiliano ya Semina na Kipimo Chake: Mfano wa Mgogoro wa Ushairi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi majadiliano ya wanafunzi katika kozi za fasihi ya Kiswahili yanavyoweza kuandaliwa na kutahiniwa. Katika semina nyingi mwanafunzi mmoja husoma karatasi yake, wawili watatu wenye ndimi nyepesi husema, na waliosalia hunyamaza hadi saa iishe. Hatimaye mhadhiri hutoa alama za kushiriki, ambazo kwa hakika ni alama za kusema sana. Hasara yake si ndogo. Mwanafunzi huhitimu akiwa amekariri hukumu za walimu wake, asijue kuihukumu kazi ya fasihi yeye mwenyewe.

I. Swali

Chanzo cha kasoro hii mara nyingi ni swali lenyewe. Tukisema, "Jadili dhamira za diwani hii," tumeomba orodha, na orodha haina mpinzani. Swali la mjadala sharti liwe na pande mbili zinazoweza kutetewa, na ushahidi wake uwe mikononi mwa wote.

Mgogoro wa ushairi ni mfano mzuri. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, akashikilia kwamba shairi sharti liimbike. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Tukiuliza nani kati yao alikuwa na haki, tutapata ushabiki mtupu. Afadhali tuchague shairi moja la Kichomi na kuuliza: palipoondolewa vina na mizani, ni utaratibu gani unaoshikilia shairi hili, nao watosha? Hapo jibu litatafutwa katika mishororo, wala si katika sifa za mtunzi.

II. Utaratibu

Kila mwanafunzi na aandike ukurasa mmoja kabla ya semina, ili mwenye haya naye aingie akiwa na neno la kusema. Darasa kubwa ligawanywe katika makundi ya watu sita au saba, kila kundi likiwa na mwandishi wa kunakili hoja na majina ya waliozitoa. Ifikapo nusu ya muda, pande zibadilishane: aliyetetea arudhi atetee ushairi huru, na kinyume chake. Mtu hajaielewa hoja ya mpinzani mpaka aweze kuisema vizuri kama mwenyewe.

III. Kipimo

Katika kutahini, jadi yetu ya kujibizana kwa mashairi ina funzo. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana katika karne ya 19. Katika jadi hiyo, anayejibu huyapokea maneno ya mwenziwe, mara nyingi pamoja na bahari na vina vyake, ndipo akayageuza. Hawezi kukijibu asichokisikiliza. Kwa hiyo usikilizaji ni sehemu ya hoja, nao wastahili alama.

Twapendekeza alama 20 zigawanywe hivi: 8 kwa ushahidi uliotolewa katika matini, 8 kwa kuijibu hoja ya mwenzake kwa haki, na 4 kwa aya moja, iandikwayo baada ya semina, ikieleza ni hoja gani iliyobadilisha au kuimarisha msimamo wa mwandishi. Idadi ya mara alizosema mtu isihesabiwe, tusije tukalituza debe tupu kwa kuvuma kwake.

Huenda ikadaiwa kwamba maneno ya mdomo hayatahiniki kwa haki kama insha. Lakini nakala ya mwandishi wa kundi, ukurasa wa awali na aya ya mwisho ni maandishi yanayoweza kusomwa na mtahini wa pili. Tena wanafunzi wakionyeshwa kipimo hiki kabla ya semina, watajua wanachodaiwa.

Kwa muhtasari, swali liwe na upinzani wa kweli, na alama zimwendee anayesoma na kusikiliza kabla ya kunena. Mhakiki wa kesho hulelewa katika semina ya leo.